Usingizi wa Alasiri

Kilichomtia Bi Zakiya wasiwasi mwanzo kilikuwa kitu kidogo, kidogo hata akaona haya kumsimulia mtu. Mumewe alijua saa.

Ilikuwa usiku wa manane, taa imezimwa, mashine ya baridi inanguruma juu ya dirisha. Bwana Yaqdhan alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kampa mkewe mgongo, akasema kwa sauti iliyonyooka, "Saa tisa na dakika kumi."

Zakiya alipapasa simu chini ya mto, akaiwasha. Saa tisa na dakika kumi.

Mle chumbani hamkuwa na saa. Ya ukutani ilikuwa imeshaondolewa na binti yao, Shurooq, kwa sababu mshale wake ulikuwa ukimtisha babaake. Na saa zenyewe Yaqdhan alikuwa hazijui tena. Ukimpa ya mkononi aliitia mdomoni.

"Baba Shurooq," alimwita polepole. "Nani kakwambia?"

Chumba kilinuka maziwa yaliyofurika jikoni yakaungua. Zakiya akashuka kitandani, akaenda jikoni akashika jiko. Baridi. Aliporudi alimkuta mumewe kalala chali, macho wazi, anatabasamu peke yake.

Walikuwa wameoana miaka arubaini na saba. Wote wawili walizaliwa Unguja, wakakutana Maskati, vijana waliorudishwa kwenye nchi ya mababu zao wasiyoijua. Yaqdhan alifanya kazi serikalini, kwenye mabomba ya maji, mpaka akastaafu, na nyumba hii ya mtaa wa Mawaleh aliijenga chumba baada ya chumba. Maradhi ya kusahau yalimwanza miaka minne nyuma. Alisahau majina ya wenziwe wa kazini. Akasahau njia ya kurudia kutoka msikitini. Akawa anatoka na kikapu kwenda soko kuu la mboga, soko lenyewe lilishahamishwa, akasimama mbele ya mageti yaliyofungwa akiwapigia kelele watu wasiokuwepo. Kisha akamsahau mkewe. Alimwita mama, akamwita dada, mwisho hakumwita kitu.

Halafu ukageuka usingizi. Alianza kulala baada ya adhuhuri, na hilo halikumshangaza mtu. Kisha akawa analala tangu baada ya chai ya asubuhi. Kisha usingizi ukahamia pale pabaya, baina ya alasiri na magharibi, saa ambayo wazee wa Unguja hawakumruhusu mtu kufumba jicho. Hapo alikuwa akilala usingizi wa ajabu, mzito, mdomo wazi. Ukimtikisa haamki. Jua likizama tu hufungua macho, na usiku kucha yuko juu, anafungua makabati, anakunja mashuka na kuyakunjua, anajaribu vitasa vya milango.

Daktari Manal, aliyekuwa akimtibu hospitali, aliwaeleza vizuri tu. "Maradhi haya huharibu sehemu ya ubongo inayojua mchana na usiku. Mfungulieni mapazia asubuhi. Mtembezeni. Msimwache alale mchana."

Walijaribu. Shurooq alikuwa mfamasia, mtu wa kufuata maagizo ya daktari herufi kwa herufi. Alikuja kila siku baada ya kazi kutoka nyumbani kwake, mtaa wa pili, akamshika babaake mkono wakazunguka uwanja. Yaqdhan alilala akitembea. Alilala mkate ungali mdomoni.

Usiku wa tatu baada ya ule wa saa, Yaqdhan aligeuka kitandani, akamtazama mkewe, akasema, "Zakiya."

Miezi kumi na moja Zakiya alikuwa hajalisikia jina lake katika kinywa kile. Alilia mpaka kanga ikarowa. Na Yaqdhan akazungumza naye. Alizikumbuka siku za kwanza za Maskati, vumbi, joto, chumba kimoja cha kupanga kule Matrah. Aliikumbuka harusi yao, umeme ulivyokatika, biriani ilivyoungua chini.

"Na ile nguo yako ya kijani," alisema.

"La, haikuwa kijani, ilikuwa samawati," akamsahihisha Zakiya huku anacheka na machozi yanamtoka. "Mama aliishona mwenyewe, akanitilia na lulu za uongo shingoni."

"Samawati," alirudia Yaqdhan taratibu, mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Na lulu shingoni."

Tangu siku hiyo Zakiya alizipenda nyusiku. Alichana nywele kabla ya kulala, akajitia udi kidogo, akaweka birika la chai kando ya kitanda na vikombe viwili. Mchana akimlisha mzee uji kwa kijiko, mzee asiyemjua, moyo wake ulikuwa ukihesabu saa za kufika kiza. Hakumwambia mtu. Alikuwa na mumewe tena, na alimtaka awe wake peke yake.

Lakini kile kikombe cha pili hakikunywewa hata siku moja. Macho yale hayakupepesa. Hakumwuliza kabisa habari za Shurooq. Na ile harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuja kila akifungua mdomo.

Kisha ikaja habari ya kilemba. Katika yote aliyoyasahau, mikono ya Yaqdhan ilikuwa bado inajua kufunga kilemba. Kila asubuhi Zakiya alimpa kitambaa, na ile mikono ikakizungusha kichwani, kunja, pindua, chomeka, na kwa dakika ile moja alikuwa mwanamume yule yule aliyekuwa akitoka kwenda kazini. Usiku mmoja Zakiya aliamka akamkuta amesimama mbele ya kioo gizani, anafunga kilemba. Alikifunga akakifungua, akakifunga tena, haraka, vizuri kuliko zamani, anajitazama na kucheka kwa puani. Asubuhi yake Zakiya alimpa kitambaa. Yaqdhan alikishika kwa vidole viwili. Alikitazama upande huu na huu. Kisha akapangusia mdomo wake uliokuwa na uji.

Zakiya akakaa chini. Akaanza kupanga moja moja kichwani. Usiku ule Yaqdhan alipozungumza habari za mama yake, asubuhi yake hakuitambua picha ya mama yake. Usiku aliohadithia skuli ya Unguja, asubuhi yake aliisahau ile nyimbo ya kitoto aliyokuwa akiiimba siku zote. Kila kilichotajwa usiku, mchana hakikuwepo.

Usiku uliofuata hakuchana nywele. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, taa ya ujiani ikiwaka, na Yaqdhan akakaa kitako kitandani akamtazama.

"Leo hunipi chai?"

"Hunywi."

"Basi nikuhadithie. Mwaka aliokufa babaako. Wakumbuka? Uliletewa habari asubuhi."

"Mwache baba yangu apumzike."

"Simu ililia usiku, Zakiya. Ililia mara mbili. Babaako alikuwa yungali hai kule Unguja, anakutaka akusikie sauti. Mumeo akaipokea. Akakutazama ulivyolala, umechoka, mdomo wazi, akaona akuache. Akairudisha simu mahala pake. Ulipoamka babaako keshaoshwa."

Kilichomgandisha Zakiya si habari ile. Kilikuwa ni neno moja.

"Umesema mumeo," alinong'ona. "Nani wewe?"

Kitu kile kilitabasamu kwa midomo ya Yaqdhan.

"Mie ndiye ninayekumbuka. Yeye akilala alasiri huacha wazi, naingia, nachukua kidogo kidogo. Ni mazuri. Ya kwake yanakaribia kwisha."

"Audhubillahi," alisema Zakiya, akainuka, na alipokishika kitasa aliisikia sauti ikimfuata, haikupanda wala haikushuka, sauti ya mtu anayezungumza na mkewe kitandani, ikimwambia, "Nnajua alikomzika Aflah."

Zakiya alikimbilia jikoni, akaufunga mlango, akakaa sakafuni mpaka alfajiri.

Aflah alikuwa mtoto wao wa kwanza. Aliishi siku tisa. Zakiya mwenyewe alikuwa hospitali na homa ya uzazi, hajitambui, na alipopata fahamu Yaqdhan alikuwa keshamzika mtoto. Mwaka ule yeye na wenziwe walikuwa wakilaza mabomba huku na huku, wakilala kambini, na alimzika huko huko alikokuwa. Wapi, hakusema. Zakiya alimwuliza mwaka wa kwanza, akamwuliza wa pili, akamwuliza baada ya Shurooq kuzaliwa, na kila akiulizwa Yaqdhan aliinuka akatoka nje. "Yuko kwa Mungu, Zaki," alimwambia mara moja. "Niachie hilo nilibebe mimi." Akalibeba mpaka likampotea njiani. Sasa mwenziwe aliyemsaidia kuchimba alishakufa, na Yaqdhan mwenyewe hajui kama mtoto aliwahi kuzaliwa.

Asubuhi Shurooq alipokuja, Zakiya alimweleza yote. Binti alimsikiliza amesimama, funguo za gari mkononi.

"Mama, wewe hulali. Miezi mingapi hujalala? Mtu asiyelala husikia mambo."

"Sijasikia mambo. Nimezungumza naye."

"Na Baba. Umezungumza na Baba! Wagonjwa hawa siku nyingine hupata nuru kidogo, Daktari Manal kasema. Sasa unataka tumlete mtu amtemee mate? Amchape bakora? Khalas, Mama, basi. Leo nalala hapa mie, wewe ukalale chumba cha wageni. Nitampa kidonge chake, utaona."

Zakiya hakubishana naye. Alikwenda chumba cha wageni, hakulala. Kiasi cha saa nane alisikia mlango unafunguliwa, miguu mitupu inakimbia, na Shurooq akaingia akajitupa kitandani kwake, mwanamke wa miaka arubaini, akamkumbatia mama yake kiunoni.

"Kasema nini?" aliuliza Zakiya.

"Ile Jumanne," alisema Shurooq. "Ulipokwenda maziarani kuzuru makaburi ukaniacha naye. Alikuwa kanipiga, Mama, kanitemea chakula. Nikamimina vidonge vya usingizi kiganjani, vyote. Nikavitazama. Wallahi nilivitazama tu, nikavirudisha. Hakukuwa na mtu. Baba tu pale kitini. Sasa hivi kaniuliza kama nilivirudisha vyote. Kaniambia, babaako alikuona, kasahau, mie nnakumbuka."

Hakukuwa na mabishano tena.

Maalim Humaid aliletwa kutoka Sidab siku ya pili. Alikuwa mzee mfupi, karani wa forodha wa zamani, anayesomea wagonjwa na hataki kulipwa. Alivaa kifaa cha kusikilizia katika sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa zamani. Alikaa sebuleni akasikiliza habari yote mwanzo mpaka mwisho, kisha akamgeukia Shurooq.

"Daktari wenu kasema kweli. Maradhi yapo, na mie sitoi maradhi. Huyu aliyemwingia kayakuta maradhi, kayafanyia makazi. Dawa za hospitali msiache."

"Na akitoka," aliuliza Zakiya, "yale aliyoyachukua?"

"Atatoka nayo." Maalim alimtazama. "Wewe umezungumza naye. Ulikuwa ukimwambia nini?"

"Mambo yetu. Harusi. Akikosea nikimsahihisha."

"Basi nisikilize vizuri, Bi Zakiya. Ulipomsahihisha ulimwonjesha ya kwako. Leo usimjibu neno. Zaidi ya yote usimwulize kitu. Ukimwuliza akakujibu, umempa njia ya kuja kwako. Na haya si ya leo tu. Siku tatu baada yake, mumeo akisema usingizini, hata akisema maneno mazuri, toka nje ya chumba."

Walingoja alasiri, saa ile mbaya. Yaqdhan alilala kwenye kochi la sebuleni, mdomo wazi. Maalim alitia majani ya mkunazi yaliyopondwa katika kata ya maji, akaisomea. Kisha akafanya jambo lililomshangaza Zakiya: alikitoa kile kifaa sikioni, akakitia mfukoni.

"Silaha yake ni maneno," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Mie hatonipata. Nyinyi jizibeni mnavyoweza."

Akaanza kusoma. Aya ya Kursi, akairudia, akairudia, na maji akiyanyunyiza usoni na kifuani mwa mgonjwa. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha harufu ilikuja, nzito, ikakaa kooni. Macho ya Yaqdhan yakafunguka kabla ya jua kuzama kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Kwanza kilimgeukia Maalim. Kilimwambia jambo kwa Kiarabu, pole pole, kuhusu mkewe wa kwanza, na Maalim akaendelea kusoma, hakusikia. Kilimtukana. Maalim akageuza ukurasa wa msahafu. Kilimgeukia Shurooq aliyekuwa pembeni, viganja masikioni, akisoma kwa nguvu Fatiha ile ile tena na tena. Ndipo kikamgeukia Zakiya, na Zakiya alikuwa ameitafuna ncha ya kanga yake mpaka ikajaa mdomo, asiweze kusema hata akitaka.

"Zakiya," kilimwambia, na sauti ilikuwa ya Yaqdhan wa miaka thelathini, "unanitoa, haya, nitatoka, lakini nitatoka naye Aflah, maana aliyebaki kumjua ni mimi tu, mimi ndiye nnayeujua uzito wake ulivyokuwa katika kile kitambaa, uzito wa mkate mmoja, na mumeo alivyomshika kifuani kwenye gari la kazini njia nzima asimwachie mtu, na udongo ulivyokuwa mgumu wakauvunja kwa mtaimbo wa mabomba, na jiwe alilolichagua mwenyewe akalibeba kutoka chini, na miaka yote hiyo umelala kitanda kimoja na mtu anayejua na hukujua, na nikishapita mlango ule hatokuwepo kiumbe atakayeweza kukuonyesha, si leo, si mpaka siku utakayokufa, basi niulize, neno moja tu, niulize wapi, sitaki zaidi, niulize!"

Zakiya alianguka magoti. Meno yake yaliuma kanga, na chini ya kanga yaliuma ulimi, akaionja damu. Maalim alisoma. Sauti ikapanda, ikawa si ya Yaqdhan, ikawa ni uvumo mmoja uliotikisa vioo vya kabati, niulize, niulize, na Maalim akammiminia maji yote yaliyobaki kifuani, na Yaqdhan akakunjuka mgongo, akapiga chafya tatu kama mtoto mchanga, akalegea.

Harufu ikaisha mara moja. Nje muadhini alikuwa akiadhini magharibi.

Yaqdhan aliwatazama wote mmoja mmoja, hamjui hata mmoja. "Nna njaa," alisema.

Usiku ule alilala. Alilala saa nane moja kwa moja, anakoroma kwa ule mkoromo wa zamani uliokuwa ukimkera Zakiya, na Zakiya akakaa akausikiliza kwa shukrani. Siku ya pili alikuwa macho mchana kutwa, akala, akatembea uwanjani mkono kwa mkono na bintiye. Hakuwa na kumbukumbu hata moja, tupu, safi, lakini alikuwa mpole, na alikuwa ni yeye. Shurooq alirudi kulala kwake.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Zakiya alikuwa akimkata kucha kwenye kochi. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Mkono wa Yaqdhan ulikuwa na joto ndani ya mkono wake. Alipomaliza kidole cha mwisho aliinua kichwa akaona amesinzia.

"Baba Shurooq, amka. Si saa ya kulala hii."

Midomo yake ilitikisika. "Zaki," alisema.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo ila Yaqdhan. Kile kitu, nyusiku zote zile, kilimwita Zakiya. Sauti ilikuwa nyonge, ya kizee, ya mtu anayetafuta maneno gizani na kuyapata nusu nusu.

"Zaki... nisamehe. Yule mtoto... nilimzika..."

Zakiya alisimama. Alikumbuka alivyoambiwa, toka nje ya chumba. Alikwenda hatua mbili. Alinusa hewa. Ilinuka sabuni, na ule udi wa asubuhi. Hapakuwa na harufu nyingine yoyote, wallahi hapakuwa na kitu, na mzee wake alikuwa analia, chozi moja limetoka kwenye jicho lililofumba likapita mikunjo ya shavu mpaka sikioni, na Daktari Manal alisema wagonjwa hawa siku nyingine hupata nuru kidogo, na kama hii ndiyo nuru yenyewe, ya mwisho, na yeye akatoka nje akamwacha peke yake nayo kama alivyokuwa akitoka yeye kila akiulizwa, itakuwaje?

Alirudi. Akapiga magoti. Akauweka mdomo wake karibu na sikio lenye chozi.

"Wapi?" alimwuliza. "Wapi, mume wangu?"

"Qantab," ilisema ile sauti. "Makaburi madogo, juu. Ukutani upande wa mlima. La tatu toka kona."

Yaqdhan akapumua, akafunga mdomo, akalala kimya. Zakiya alimbusu kipaji. Kisha akampigia simu Shurooq, akimwambia huku analia, "Kaniambia! Babaako kaniambia mwenyewe! Kesho Ijumaa, utanipeleka?"

"Mama, Maalim alisema..."

"Alikuwa ni yeye. Mie namjua mume wangu."

Baada ya kukata simu alijisikia mwepesi, mtu aliyetua gunia. Alikaa kwenye kochi la pili kumsubiri Yaqdhan aamke, jua linampiga miguuni. Katika maisha yake yote hakuwahi kulala saa ile. Alifumba macho kidogo tu.

Aliposhtuka ilikuwa kiza, na Shurooq alikuwa akimtikisa bega kwa nguvu, akimwita kwa sauti ya hofu. "Mama! Nusu saa nnakuamsha! Hata magharibi imekupita." Zakiya alicheka, akasema kuwa amechoka tu, miezi mingapi hajalala.

Ijumaa asubuhi Shurooq alimwacha babaake na jirani, akaendesha gari mpaka Qantab. Njia ilishuka ikijipindapinda baina ya majabali meusi, na Zakiya alitazama nje akifurahia upepo. Mapajani alikuwa na chupa ya maji na fungu la rihani. Gari likasimama. Walipanda taratibu, Shurooq akimshika mama yake mkono kwenye mawe.

Yalikuwa makaburi madogo kweli, na ukuta ulikuwepo, upande wa mlima. Shurooq aliuona akasimama, mkono mdomoni. Kisha akafuata ukuta toka kona, akihesabu kwa sauti inayotetemeka. Moja. Mbili. La tatu lilikuwa fupi, urefu wa mkono wa mtu, na mawe mawili madogo meupe, moja kichwani na moja miguuni.

"Ndilo hili, Mama," alisema, machozi yanamtoka. "Subhanallah. Ndilo hili."

Zakiya aliangalia mawe. Alimwangalia binti yake. Alimwonea huruma kwa kilio kile, akatafuta la kumwambia la kumpoza.

"Pole, mwanangu. Nani huyu?"

Shurooq aligeuka. "Aflah, Mama."

"Aflah nani?"

"Aflah. Mwanao. Kaka yangu."

"Wewe huna kaka," alisema Zakiya kwa upole. "Nimekuzaa peke yako."

Shurooq alimshika mabega yote mawili. Alisema mambo mengi, haraka haraka, siku tisa, homa, mabomba, na Zakiya alimsikiliza kwa adabu mtu anavyosikiliza habari za jirani. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa inatoka mahali karibu sana, karibu kuliko Shurooq, na wala haikumkera. Fungu la rihani lilimponyoka. Alipiga mwayo mrefu, akaona haya, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Twende zetu garini," alisema. "Nna usingizi."